Foleni ya Viwakilishi kwa Bibi Odette

Jumatatu, 18 Novemba

Siku ya kumi na tano tangu Ilinca aingie darasani kwetu. Maneno niliyomwambia mpaka leo: moja. "Samahani." Na hata hilo nililiambia koti lake, lililokuwa limetundikwa juu ya langu.

Niweke mambo wazi, maana daftari hili ni jipya na halijui lolote. Naitwa Anselme. Miaka kumi na minne. Nasoma sana, nasema kidogo, navaa miwani. Mji wetu ni Vaucey, saa moja kwa treni kutoka Dijon, na kwa miaka miwili haukuwa na daktari. Watu walifika mahali pa kuomba radhi wakikohoa. Mwezi uliopita akaja Daktari Văleanu kutoka Romania, na binti yake Ilinca. Meya akapita nyumba kwa nyumba kutusihi tuwe na adabu, wasije wakatuhama.

Ilinca ni moto wa kuotea mbali katika hesabu. Kinachomsumbua ni viwakilishi vya Kifaransa: me, te, le, la, les, lui, leur, na wale ndugu wawili wa mwisho, y na en. Vijineno hivi husimama mbele ya kitenzi kwa foleni, na foleni ina utaratibu wake. Ukitaka kusema kwamba unampa Bibi mkate, unasema je le lui donne. Le ni mkate, lui ni Bibi, na mkate hutangulia. Ilinca humtanguliza Bibi. Bi Verneret, mwalimu wetu wa Kifaransa, anasema kwao ndivyo wanavyopanga. Mimi naona kwao wana heshima kuliko sisi, ila sikunyoosha mkono kusema.

Leo Bi Verneret katangaza: kesho jaribio. Atakayepata chini ya kumi kati ya ishirini atakuja kwake kila Jumatano, saa nane mchana hadi saa kumi, chumba namba 12. Darasa zima likaguna. Jumatano mchana hakuna shule. Ni mali ya mpira na usingizi. Mimi sikuguna. Ilinca atakuwepo. Watu watakuwa wachache. Meza za chumba namba 12 ni za watu wawili wawili.

Jambo la pili ni zito. Bibi yangu Odette kalisikia kwenye chumba cha kusubiria cha daktari, ambako huenda hata akiwa mzima, kwa sababu kuna viti na habari. Ilinca asipofikisha kumi kwenye mtihani wa majaribio wa tarehe 12 Desemba, atapelekwa shule ya bweni Dijon, penye darasa la wanaojifunza lugha. Na mama yake, yaani daktari wetu, kasema Bibi, si mwanamke wa kukaa mbali na mwanawe.

Jumatano zilizobaki ni tatu tu baada ya majibu kutoka. Mpango: nifeli.

Jumanne, 19 Novemba

Kufeli ni kazi ngumu. Sikujua.

Sentensi ishirini, kila moja alama moja. Nilikusudia tisa: aibu ndogo, ya mtu mwenye heshima zake. Sentensi ya kwanza niliandika sahihi kabla sijafikiri. Mkono una tabia zake. Nikafuta. Nikaweka lui mbele ya le, jasho likanitoka kama mtu anayeiba kanisani. Ya pili, hivyo hivyo. Kufikia ya kumi na nne nilikuwa nimeishiwa makosa ya kawaida, nikabuni moja ambalo nadhani halimo katika lugha yoyote ya wanadamu.

Ilinca alikaa nyuma yangu. Nilisikia kalamu yake ikisimama kila baada ya neno.

Kushoto kwangu, Titouan Garreau. Huyu nimekuwa naye tangu tuna miaka sita, na ananakili kwangu tangu siku hiyo, kama kupe na ng'ombe. Ni mrefu, anacheza mpira wa mikono, na huongea na wasichana kama vile ni watu. Leo pia shingo yake ilirefuka. Nilikuwa nashughulika mno na kukosea, sikumwangalia.

Nafikiri nimepoteza hesabu kidogo kwa sababu ya kufuta. Tisa, au nane.

Alhamisi, 21 Novemba

Sita.

Ilinca nane. Titouan sita.

Bi Verneret kaniita mbele, akauliza kwa sauti ya chini kama nyumbani ni salama. Nikasema ni salama. Akasema ameona kwamba mimi na Titouan tumekosea sentensi zilezile, hata ile ya kumi na nne. Akaniomba, kwa upole kabisa, niache kunakili kwa Titouan.

Getini Titouan kanisubiri. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyefiwa. "We Anselme, wewe ni mtu wa namna gani? Miaka minane nakuamini." Nikamwambia sikumwomba aniamini. Akasema hiyo ndiyo maana ya uaminifu, huombwi. Halafu akauliza Jumatano hizo ni nani mwingine atakuwepo. Nikafunga begi langu. Akajibu mwenyewe: "Kumbe yule binti wa daktari. Basi si msiba."

Sikuipenda hiyo sentensi.

Jioni ikabaki saini. Kwetu alama hazisainiwi na Mama, ambaye yuko dukani kwake na maua mpaka jioni, wala na Baba, ambaye husaini chochote, hata karatasi ya bima ya gari la jirani. Husaini Bibi Odette. Bibi ni mama yake Mama, anaishi nasi chini, na alifundisha shule ya msingi ya mji huu miaka thelathini na minane. Mlango wa friji umejaa karatasi zangu kwa sumaku. Hakuna hata moja chini ya kumi na saba.

Kaisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha akakaa. Kisha akaomba maji. Kisha akaisoma tena, nadhani kwa matumaini.

"Lui mbele ya le," akasema. "Katika nyumba hii."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Akachukua kalamu, akaandika katika daftari la mawasiliano kwamba mjukuu wake hatahudhuria chumba namba 12. Damu yake haifundishwi na mtu mwingine. Atanifundisha mwenyewe, hapa nyumbani, kila Jumatano, saa nane mchana hadi saa kumi.

Nikasema, Bibi, usijisumbue, utachoka. Akasema atachoka akishakufa.

Ijumaa, 22 Novemba

Tumaini langu lilikuwa Bi Verneret akatae. Kafungua daftari, kaona mwandiko, na palepale akanyooka mgongo na kuficha ubani aliokuwa anatafuna. Nilikuwa nimesahau. Bi Verneret naye alifundishwa kusoma na Bibi.

Akasema nimsalimie mwalimu wake. Na kwamba bila shaka, bila shaka, nisije Jumatano.

Nyuma yangu Titouan alikuwa anamwelekeza Ilinca chumba namba 12 kiko wapi. Kiko mlango wa pili kutoka ngazini. Hakihitaji kuelekezwa na mikono yote miwili.

Jumapili, 24 Novemba

Bibi hakungoja Jumatano.

Tulikuwa tumeshakaa mezani, kuku yuko tayari, Mjomba Fernand amekuja. Mjomba ni kaka yake Mama, mpima ardhi, mtu wa maneno machache na ugali wa viazi mwingi. Bibi akaingia na kadi zenye uzi, kama zile za wanamichezo, akatuvisha shingoni. Baba me. Mama le. Mimi lui. Mjomba Fernand akapewa y, kwa sababu y husimama badala ya mahali na yeye kazi yake ni mahali. Paka akapewa en, akakimbia nayo uani.

Bibi mwenyewe ni kitenzi. Akasimama mwisho wa meza akiwa amemshika kuku. "Ninyi mko kwa mwoka mikate Jumapili asubuhi," akasema. "Mimi ndiye muuzaji. Nani anatangulia?"

Ndiyo mbinu aliyofundishia mji mzima, na lazima nikiri ni nzuri. Me, te, nous, vous husimama mbele, kwa kuwa ndio waliomo kwenye mazungumzo, watu wa nyumbani. Wanafuata le, la, les, kile kinachobebwa. Halafu lui na leur, anayepelekewa, ambaye yuko mbali na hana haraka. Halafu y. Halafu en, anayechukua sehemu tu ya kitu, na kikapu chake. Kisha kitenzi.

Bibi akataja sentensi, wanaohusika wakajipanga. Baba akajipanga nyuma yangu. Bibi akasema me na lui hawasimami foleni moja, haijatokea tangu Ufaransa iwe Ufaransa. Baba akafurahi, akaenda kukaa. Bibi akasema hakuambiwa akae. Kisha akageuka na kuku: "Nikitoa amri, wote nyuma yangu!" Maana katika amri viwakilishi hurukia nyuma ya kitenzi. Tukakimbia. Mjomba Fernand akagonga kabati la vyombo, akasema neno moja, ambalo si kiwakilishi.

Kuku alikuwa anapoa. Nilitaka kukosea ili mpango usife kabisa, lakini njaa ni mwalimu mkali kuliko Bibi. Nikajibu zote sahihi, za kupanga na za amri, hata zile zenye vitenzi viwili.

Bibi akaweka kuku mezani, macho yamelowa. "Mlo mmoja," akasema. "Mlo mmoja tu, kapona."

Nikauliza kama basi Jumatano niko huru. Akasema homa ikishuka dawa haitupwi.

Jumatano, 27 Novemba

Saa nane hadi saa kumi, mezani, mimi na Bibi. Dirisha letu linatazama duka la mikate.

Saa kumi na dakika nne: Titouan na Ilinca wakapita. Wakaingia kwa mwoka mikate. Wakatoka na maandazi ya jibini. Titouan akasema kitu, Ilinca akacheka mpaka akashika nguzo ya taa. Sijui kilikuwa nini. Titouan namjua miaka minane, hajawahi kusema kitu cha kuchekesha kiasi cha kushika nguzo.

Bibi akasema nitazame karatasi. Nikatazama karatasi. Ilisema: Jirani wangu anayapenda maua, anayamwagilia. Panga upya.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mtu mwenye akili huutoa kwa mwiba mwingine. Mpango wa pili: kama mimi siwezi kwenda alipo Ilinca, basi Ilinca aje nilipo.

Wakati wa chai nikasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba nasikia yule binti wa daktari anafundishwa viwakilishi kwa fotokopi.

Bibi akashusha kikombe. "Fotokopi?"

Za kujaza nafasi, nikasema. Bila foleni. Bila hata kadi.

Bibi akatazama kuelekea shule. Akasema Chantal Verneret alikuwa mtoto mwenye bidii, ila siku zote alipenda njia za mkato.

Alhamisi, 28 Novemba

Bibi kaenda kwa daktari na goti lisilouma. Kwa mujibu wake mwenyewe kulikuwa na watu tisa, na wote wameafiki.

Alipoingia kwa Daktari Văleanu alimwambia goti lake halina neno, ila alama za mtoto zinauma. Akamweleza foleni. Akatumia vizuia ulimi, vile vijiti vya mbao, akavipanga juu ya meza ya daktari, akavipa majina. Daktari akauliza ada ni kiasi gani. Bibi akasema ada ni yeye daktari asihame.

Bi Verneret keshaandikiwa, kakubali. Jumatano ijayo, saa nane. Kwetu. Ilinca.

Nimepiga pasi shati. Leo ni Alhamisi, najua.

Jumanne, 3 Desemba

Swali la kusalimiana. Hapa Vaucey watu hubusiana mashavuni mara mbili, shavu la kulia kwanza. Mara mbili, basi. Nimefanya mazoezi na fremu ya mlango wa chumba changu. Mama kapita, kauliza kama nasikia kizunguzungu.

Sentensi nimeiandaa pia. "Karibu, Ilinca, nipe koti nikutundikie." Ina viwakilishi vya kutosha kuonyesha moyo wangu bila kuutaja.

Jumatano, 4 Desemba

Kengele imelia saa nane kasoro dakika mbili. Bibi kafika mlangoni kabla yangu. Bibi ni mzaliwa wa Nantes, na miaka hamsini ya Vaucey haikumtoa Nantes mashavuni. Kwao ni mara nne. Akambusu Ilinca mara nne.

Ilinca alikuwa ameambiwa shuleni kwamba ni mbili. Sasa akaona nne. Akafanya hesabu, kama alivyo hodari, na akaamua kwamba katika nyumba hii ni nne. Kisha akanigeukia mimi.

Mimi nilisimama kwa mbili. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Nikarudi nyuma na kuanza sentensi yangu. Ya tatu ikanikuta sikioni katikati ya neno "koti". Ya nne ikagonga miwani. Miwani ikadondokea kikapuni kwa paka, na paka, ambaye bado anatukumbuka kwa ile kadi, akaikalia.

Bila miwani niliona tu kwamba nyuma ya Ilinca kuna kitu kirefu. Kitu kirefu kikasema, "Shikamoo Bibi Odette." Titouan. Ilinca ndiye kamwalika. Eti naye kapata sita, na Jumatano iliyopita alimsaidia sana kutafuta chumba.

Nilidhani Bibi atamfukuza. Wapi. Bibi akapiga makofi. Foleni inahitaji watu, akasema, na kijana mrefu kama huyu anafaa kuwa leur.

Akawavisha kadi. Nikasogea nivishwe yangu. Bibi akashangaa: "Wewe ulishapona. Nenda jikoni ukaangalie chapati za maji, zisiungue."

Saa mbili nzima jikoni. Chapati za kwao Nantes ni nyembamba kama karatasi. Ukipepesa macho zimeungua, na mimi bila miwani sikuwa hata na la kupepesa. Kutoka sebuleni nilisikia vishindo, na sauti ya Bibi, "Nyuma yangu!", na vicheko viwili, kimoja cha Ilinca. Kabati la vyombo liligongwa tena.

Saa kumi wakala chapati zote. Titouan akanipongeza. Akasema kila mtu ana kipaji chake.

Jumatano, 11 Desemba

Jumatano ya mwisho. Kesho mtihani.

Nilikuwa jikoni, nimeshakubali yangu, nina aproni. Ilinca akaingia kuomba maji. Nikampa. Akanywa polepole. Anasema Kifaransa kama mtu anayevuka mto kwa mawe, anapima kila jiwe kabla hajakanyaga.

Akasema kuna jambo anataka kuniuliza siku nyingi. Siku ya jaribio alikuwa nyuma yangu. Aliniona nikiandika jibu sahihi, nikilifuta, nikiandika la makosa. Kumi na nne.

"Kumi na nne nzima," akasema. "Nilihesabu. Nikafikiri labda hapa Ufaransa ndiyo adabu. Mgeni akiwa hajui, mwenyeji naye anajifanya hajui. Nikamwambia mama. Mama akasema ni watu wazuri sana hawa."

Sikuwa na sentensi. Nilikuwa na mwiko.

Akauliza, basi kama si adabu, ni kwa nini? Nikasema, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe kwa shida, kwamba nilitaka kuwa chumba namba 12. Akauliza kuna nini chumba namba 12. Nikasema meza.

Akaniangalia. Akaweka glasi chini. "Anselme," akasema, "ungeniambia tu. 'Ilinca, nikufundishe.' Mimi ningesema, 'Nifundishe.' Ni maneno matatu, wote wawili."

Kisha akauliza haraka, kabla Bibi hajaita, kuhusu vitenzi viwili: kiwakilishi kinasimama wapi? Nikamwonyesha kwa mwiko, sufuria na chapati. Sufuria ni kitenzi cha kwanza, chapati ni cha pili, mwiko ni kiwakilishi, nao huenda kwa chapati, maana ndiyo yenye haja nao. Akasema, "Aa." Ile "aa" ya mtu aliyeona.

Chapati ikaungua. Sijawahi kunusa kitu kizuri hivyo.

Alhamisi, 12 Desemba

Mtihani. Nimeandika kila kitu sahihi na haikuniuma. Titouan kaniangalia mimi, si karatasi yangu, akatikisa kichwa, akainamia yake. Midomo yake ilikuwa inasema, "Mwoka mikate, mwoka mikate."

Nyuma yangu kalamu ya Ilinca ilisimama mara moja tu. Nikasali. Nikasikia kiti kikisogea, kidogo, kama mtu anayeruka nyuma ya kitenzi. Kisha kalamu ikaendelea.

Jumanne, 17 Desemba

Kumi na tatu. Ilinca kapata kumi na tatu!

Dijon haendi tena. Habari ilifika mjini kabla hatujatoka darasani. Mwoka mikate kampa mfuko wa maandazi ya jibini, meya kamshika mkono, mzee mmoja kakohoa barabarani bila kuomba radhi. Titouan kapata kumi na moja, za kwake mwenyewe, na anaonyesha karatasi kwa watu asiowajua. Mimi ishirini. Bibi kaibandika juu ya ile sita, akasema asante si kwake, ni kwa foleni.

Bi Verneret kaja kwetu mwenyewe kuomba kuazima kadi. Bibi kampa. Kamwambia asizifanyie fotokopi.

Saa ya mapumziko Ilinca akaja moja kwa moja mpaka niliposimama, karibu na makoti. Akasema Jumamosi mama yake anaoka mkate mtamu wa Krismasi wa kwao, wenye kokwa za jozi ndani. Nije. Titouan haji, ana mechi. "Hufeli kitu," akasema. "Unakuja tu, unapiga kengele."

Nikasema nitaangalia.

Nimeangalia mchana kutwa. Kuna matatizo. Sijui Romania hubusiana mara ngapi. Sijui wanaanza shavu gani. Maktabani hakuna kitabu. Halafu nitasema nini? Siwezi kwenda nyumbani kwa mtu bila sababu.

Na mbingu hazimtupi mja wake. Saa tisa Bwana Loiseau, mwalimu wa hesabu, katangaza kwamba kuanzia Januari kutakuwa na masaa ya jiometri kila Jumatano mchana kwa walio chini ya kumi. Na mwanafunzi mmoja hodari atamsaidia kufundisha. Nani? Ilinca.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimemwambia Ilinca kwamba Jumamosi sitaweza, nina maandalizi. Akauliza ya nini. Nikasema ataona Januari, na nikatabasamu, nadhani kwa namna ya siri. Akaniangalia kama alivyoniangalia jikoni, akacheka, akasema ataniwekea kipande.

Nimechunguza kwa makini mpango ule wa kwanza ulikosea wapi. Nimepata. Sikuifunika karatasi kwa mkono. Titouan asingenakili, asingefeli, asingemjua Ilinca. Kosa ni moja tu, na ni la kiwiko.

Safari hii kila kitu kimefungwa. Kiwiko kitakuwa mahali pake. Na Bibi hajui jiometri, kasema mwenyewe mara nyingi, pembetatu humpa kichefuchefu. Nimeshaanza kidogo kidogo ili isionekane ghafla: zoezi la leo nimepata saba. Bibi kalisoma akiwa amesimama, hakukaa, hakuomba maji. Kalibandika tu, kaenda kupiga simu. Dalili nzuri.

Kitu kimoja tu kimenishangaza. Mjomba Fernand atakuwa nasi likizo yote, na Bibi kamwambia aje na vyombo vyake vyote vya kupimia ardhi, hata ile miti mirefu yenye rangi nyekundu na nyeupe. Mama kauliza vitakaa wapi. Bibi kasema sebuleni, na kwamba Jumatano mchana tusipange lolote.

Labda wanataka kupima bustani.